Unataka Kuwa Msaidizi wa Daktari wa Meno Marekani? Soma Hapa Kabla Hujalipa Ada



Ukurasa wetu wa afya mara nyingi huzungumzia presha, kisukari na chanjo za watoto. Leo tuna somo la aina nyingine kidogo, maana huku ugenini afya na riziki havikai mbali. Swali tunaloulizwa sana ni hili: "Nimechoka kubeba maboksi, nataka kusomea usaidizi wa daktari wa meno. Nianzie wapi?"

Jibu fupi: usianze kwa kununua cheti. Anza kwa kuijua kazi yenyewe na sheria ya jimbo unaloishi. Jibu refu ndilo somo la leo. Chukua daftari na kalamu, maana kuna mambo ya kuandika, na mwishoni kuna maswali ya kujipima.

YALIYONIKUTA MIMI

Miaka yangu ya mwanzo hapa Marekani nilihudumia wazee, zamu ya usiku. Mgongo ulipoanza kunisumbua, jirani yangu akaniletea tangazo la chuo: wiki kumi tu, Jumamosi peke yake, unatoka na cheti na kazi inakungoja. Nikalipa zaidi ya dola 3,000, nusu kwa kadi ya mkopo na nusu fedha za upatu. Nikamaliza, nikapiga picha na joho, nikatuma nyumbani. Mama akaibandika ukutani.

Miezi michache baadaye tukahamia jimbo lingine. Kliniki ya kwanza niliyoomba kazi, meneja alikitazama cheti changu, akanirudishia taratibu. Akasema, "Samahani dada, kwa hiki huwezi kupiga eksirei katika jimbo hili." Nilipofuatilia nikagundua kuwa chuo kile hakikuwa na ithibati ya chombo chochote kinachotambuliwa. Hakuna aliyeniambia uongo wa wazi. Walinyamaza tu, nami sikuuliza.

Meneja yule hata hivyo alinipa kazi, ya chumba cha kuoshea vifaa. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwa kweli, tena kwa kulipwa badala ya kulipa. Yote ninayoyaandika leo ningetamani mtu angeniambia kabla ya ile Jumamosi ya kwanza.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Msaidizi wa daktari wa meno humpokea mgonjwa na kumkalisha kitini, huandaa vifaa, humpa daktari kifaa anachotaka kwa wakati wake, hufyonza mate na maji mdomoni, huandika kumbukumbu, huosha na kutakasa vifaa, na pale sheria inaporuhusu hupiga eksirei. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi ya Marekani, kipato cha katikati cha kazi hii mwaka 2023 kilikuwa kiasi cha dola 46,500 kwa mwaka, yaani dola 22 na ushee kwa saa. Si utajiri, lakini kliniki nyingi hufanya kazi mchana, na hiyo kwa mama mwenye watoto ni neema.

Usimchanganye msaidizi na msafishaji meno mwenye leseni. Huyo hukwangua ugaga na kutibu fizi, husoma kwa kawaida miaka kama mitatu, na mshahara wake ni mkubwa zaidi.

Nawaasa pia ndugu zetu waliokuwa matabibu wa meno nyumbani. Kule Tanzania tabibu wa meno mwenye diploma hung'oa jino mwenyewe na maisha yanaendelea. Hapa msaidizi haruhusiwi kung'oa jino wala kuchimba jino, hata kama mikono yako inaijua kazi kuliko ya daktari mwenyewe. Ukijaribu, hata kwa jirani anayelia kwa maumivu jikoni kwako, umevunja sheria, na kosa hilo linaweza kugusa hata makaratasi yako ya uhamiaji.

SHERIA YA JIMBO KWANZA, ADA BAADAYE

Andika hili kwa herufi kubwa: hakuna cheti kimoja cha chuo kinachokupa ruhusa ya kufanya kila kitu katika majimbo yote 50. Kila jimbo lina bodi yake ya meno, nayo ndiyo inayoamua msaidizi afanye nini na kwa karatasi gani.

Mifano michache. Minnesota, ambako ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaishi, kuna msaidizi asiye na leseni na kuna mwenye leseni ya jimbo, na huyu wa pili ndiye anayeruhusiwa kazi nyingi zaidi mdomoni. California ina usajili wake wa wasaidizi na mitihani yake. Washington inataka kila msaidizi ajiandikishe kwenye idara ya afya ya jimbo. Na yapo majimbo ambayo daktari anaweza kukuajiri leo bila cheti chochote na kukufundisha mwenyewe kazi za mwanzo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata dola moja, ingia kwenye tovuti ya bodi ya meno ya jimbo lako, au wapigie simu. Uliza mambo matatu. Kwanza, msaidizi asiye na cheti anaruhusiwa kufanya nini? Pili, ni cheti gani kinahitajika ili kupiga eksirei? Tatu, chuo fulani mnakitambua? Kama Kiingereza chako bado, nenda na mtoto wako au rafiki. Simu hiyo ni ya dakika kumi. Mimi iliniponyoka kwa dola 3,000.

NJIA TATU ZA KUJIFUNZA

Njia ya kwanza ni kufundishwa kazini, pale jimbo linaporuhusu. Mara nyingi unaanza chumba cha vifaa kisha unasogezwa karibu na kiti kidogo kidogo.

Njia ya pili ni chuo cha jamii au chuo cha ufundi chenye ithibati ya Commission on Dental Accreditation, kwa kifupi CODA. Kozi ya cheti huchukua karibu mwaka mmoja, na ile ya digrii ndogo miaka miwili. Ndani yake kuna mazoezi katika kliniki za kweli, si meno ya plastiki ya darasani tu. Uliza kama chuo kinapokea msaada wa serikali kupitia fomu ya FAFSA. Raia na wenye Green Card wanaweza kuomba, na ruzuku ya Pell ukiipata huirudishi.

Njia ya tatu ni kozi fupi za binafsi kama niliyosoma mimi. Sisemi zote ni mbaya. Zipo zinazotambuliwa na majimbo yao. Ila wewe ndiye wa kuthibitisha kwa bodi, si kwa tangazo.

Juu ya njia hizo kuna cheti cha kitaifa kinachotolewa na Dental Assisting National Board, kwa kifupi DANB. Mtihani wake mkuu una sehemu tatu: usalama wa mionzi, kuzuia maambukizi, na kazi za kando ya kiti. Mhitimu wa chuo chenye ithibati ya CODA anaweza kuufanya. Mwenye cheti cha sekondari aliyefanya kazi saa 3,500 ndani ya miaka miwili hadi minne naye anaweza, na mimi ndiko nilikopitia. Utahitaji pia cheti hai cha kufufua moyo na pumzi, ile CPR. Jambo zuri ni kwamba sehemu za mionzi na za kuzuia maambukizi hazidai uwe na uzoefu wa kazi kwanza. Unaweza kujisomea na kuzifanya mapema, ukaenda kuomba kazi ukiwa na kitu mkononi.

Cheti chako cha kidato cha nne au cha sita kinaweza kuhitaji kupimwa na shirika la kutathmini vyeti vya nje. Wenye diploma za Kifaransa kutoka Congo au Burundi watahitaji pia tafsiri iliyothibitishwa. Waliotoka makambini, Nyarugusu au Kakuma, ambao makaratasi yalipotea njiani, wasikate tamaa: mtihani wa GED ni mlango halali.

AFYA YAKO: CHANJO NA VIPIMO

Kazi hii ni ya mate na damu, kwa hiyo jikinge kwanza.

Homa ya ini aina ya B imeenea sana kwetu Afrika, na wengi huishi nayo bila dalili. Pima. Kama huna, pata chanjo. Ile ya kawaida ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Ipo pia ya sindano mbili. Mwezi mmoja au miwili baada ya sindano ya mwisho upimwe damu kuona kama kinga imejengeka. Sheria ya usalama kazini ya OSHA ya mwaka 1991 inamtaka mwajiri akupe chanjo hii bure, ndani ya siku 10 za kazi tangu uanze kazi ya kugusana na damu. Usikubali kukatwa mshahara kwa ajili yake.

Na ukipima ukakutwa nayo? Usijifiche, na usidhani ndoto imekwisha. Mwongozo wa CDC wa mwaka 2012 unasema kuwa na maambukizi hayo peke yake si sababu ya kumzuia mtu kusomea au kufanya kazi za afya. Muone daktari, ufuatiliwe, utunze ini lako.

Jambo lingine ni kipimo cha kifua kikuu. Wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, ile iliyoacha kovu begani. Chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kivimbe hata kama huna ugonjwa. Mwambie muuguzi kuwa ulichanjwa BCG, omba kipimo cha damu badala ya kile cha ngozi.

SOMO LA KWANZA: MENO KWA NAMBA

Sasa tuingie darasani. Marekani meno ya mtu mzima huhesabiwa 1 hadi 32. Anza na gego la mwisho la juu upande wa kulia wa mgonjwa: hilo ni 1. Tembea mbele hadi gego la mwisho la juu kushoto: 16. Shuka chini hapo hapo kushoto: 17. Rudi hadi gego la mwisho la chini kulia: 32. Kumbuka kulia ni kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama.

Shika nguzo hizi: meno mawili ya mbele ya juu katikati ni 8 na 9. Chonge ni 6, 11, 22 na 27. Magego makubwa ya kwanza ni 3, 14, 19 na 30. Meno ya utoto hayana namba, yana herufi A hadi T, kwa mzunguko ule ule.

Ndugu waliosoma fani hii nyumbani, hapa ndipo penye mtego. Kwetu hutumika mfumo wa kimataifa wa tarakimu mbili. Kwa mfumo huo 11 ni jino la mbele la juu kulia. Kwa Mmarekani 11 ni chonge la juu kushoto. Kwa mfumo wa nyumbani 18 ni gego la mwisho la juu kulia. Hapa 18 ni gego la pili la chini kushoto. Ukiandika namba kwa mazoea, daktari anaweza kuandaa jino zima kung'olewa. Jino likishatoka halirudi.

SOMO LA PILI: SAA YA KITINI

Chukulia uso wa mgonjwa aliyelala ni saa ya ukutani, 12 ikiwa utosini. Daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa kati ya 7 na 12. Wewe unakaa kati ya 2 na 4. Vifaa hupitishwa kati ya 4 na 7, yaani karibu na kidevu na kifua, kamwe visipite juu ya macho ya mgonjwa. Kiti chako kiwe juu kidogo, macho yako yawe sentimita 10 hadi 15 juu ya macho ya daktari ili uone ndani.

Mkono wa kulia unashika bomba la kufyonza, wa kushoto unapitisha vifaa. Fanya mazoezi nyumbani kwa kijiko na kalamu: pokea kilichotumika kwa vidole viwili vya mwisho, toa kipya kwa vitatu vya mwanzo. Watoto watakucheka. Waache wacheke.

SOMO LA TATU: CHUMBA CHA VIFAA

Watu hukidharau chumba hiki, lakini uhai wa mgonjwa anayefuata uko humo. Utaratibu hauna njia ya mkato: osha, suuza, kausha, kagua kwa macho, funga kwenye mfuko, weka kwenye mashine ya mvuke, acha vikauke, hifadhi. Kifaa chenye damu iliyogandia hakitakasiki, mvuke haufiki chini ya uchafu.

Mashine ya kawaida hutumia nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 30. Zile zinazovuta hewa nje kwanza hutumia nyuzi 132 kwa dakika 4. Fuata kitabu cha mashine yenu. Alama ya mfuko ikibadilika rangi inakuambia tu kuwa mfuko umepita kwenye joto, haithibitishi kuwa vijidudu vimekufa. Uthibitisho ni kipimo cha mbegu za bakteria, ambacho CDC inataka kifanyike angalau mara moja kwa wiki. Hata kile kichwa cha mashine ya kuchimbia kinatakaswa kwa joto baada ya kila mgonjwa, kukifuta kwa dawa hakutoshi.

Mtu akikuambia "leo tuna haraka, futa tu," jibu kwa heshima lakini usifute tu. Sisi wageni tunaogopa kusema hapana kazini. Katika hili, sema.

UKICHOMWA NA SINDANO

Sindano iliyotumika usiifunike kwa mikono miwili. Laza kifuniko mezani, kichote kwa mkono mmoja. Ukichomwa, osha mara moja kwa maji na sabuni, usikamue, kisha toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU huanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache, na si zaidi ya saa 72. Gharama ya uchunguzi ni ya mwajiri. Wapo wenzetu walionyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Kazi utapata nyingine.

KISWAHILI CHAKO NI MTAJI

Siku moja daktari wangu alimwona kijana aliyekulia Arusha, meno yana madoa ya kahawia. Akaanza kumhubiria juu ya mswaki. Nikamweleza kuwa maji ya sehemu nyingi za Arusha na Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na madoa yale ni ya utotoni, hayatoki kwa mswaki. Kijana aliinua kichwa.

Utakutana pia na mtoto aliyekosa chonge kwa sababu alipokuwa mchanga alichimbwa fizi ili kutolewa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Utamwona mzee wa Kijaluo aliyeng'olewa meno ya chini ya mbele kwa mila. Daktari wa hapa huenda akafikiria ajali au kipigo. Wewe unajua jinsi ya kuuliza bila kumwaibisha mtu. Ila usitafsiri usichokielewa, hasa fomu ya kukubali kung'olewa jino. Hapo omba mkalimani.

JIPIME

1. Daktari anataka kung'oa namba 19. Ni jino gani?
2. Alama ya mfuko imebadilika rangi. Vifaa vimethibitishwa kuwa salama?
3. Umechomwa na sindano Ijumaa saa kumi jioni, meneja ameondoka. Utangoja Jumatatu?
4. Chuo kinasema cheti chake kinakubalika kwa kila kazi majimbo yote. Unafanyaje?

Majibu: 1. Gego kubwa la kwanza, chini kushoto kwa mgonjwa. 2. Hapana, kipimo cha kila wiki ndicho uthibitisho. 3. Hapana. Mwambie daktari aliyepo, na kama hayupo nenda hospitali mara moja. 4. Unafunga pochi, unapiga simu kwa bodi ya jimbo.

Somo hili ni la kukufungulia njia, halichukui nafasi ya daktari wako wala ya bodi ya jimbo lako, na sheria hubadilika, kwa hiyo hakikisha kila mara. Kama umelisoma hadi hapa na daftari lako lina maandishi, tayari unajua mengi kuliko nilivyojua mimi siku nilipovaa lile joho.

Nawatakia masomo mema na kazi njema. Msisahau kupiga mswaki kabla ya kulala.